Mtupo wa lala salama unapimika, ila kwa mchezaji mmoja mmoja sahauni

Wakuu, mdau kauliza: zile namba za NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) za dakika za lala salama zinaonyesha kweli nani ana roho ngumu, au tunasifia bahati tu? Nafundisha hesabu sekondari hapa Arusha, na wikiendi nakaa mezani kwenye mechi za kikapu nikiandika alama. Swali hili nimeishi nalo miaka mingi, niruhusuni nirefushe.

NBA wanahesabu dakika 5 za mwisho za robo ya nne, au za nyongeza, pale timu zinapopishana kwa pointi zisizozidi 5. Ni muda mfupi sana huo. Hata nyota anayeachiwa mpira kila mara, msimu mzima wa mechi 82 anafikisha mitupo mia na kitu tu katika kipindi hicho. Wengi hawafiki hata 30.

Sasa chukua mchezaji ambaye uwezo wake halisi ni asilimia 45. Akipiga mitupo 100, bahati peke yake inaweza kumtupa popote kati ya asilimia 35 na 55. Akipiga 25, ni popote kati ya 25 na 65. Mtu ni yuleyule, mkono uleule, mwaka huu anaitwa jemedari na mwakani anaitwa garasa.

Darasani hili nalionyesha kwa sarafu. Kila mwanafunzi anarusha mara 20. Kwenye darasa la watu 50, watatu hivi hupata vichwa 14 au zaidi. Nawasimamisha mbele, wenzao wanawapigia makofi, halafu nawaambia warushe tena. Wanarudi kwenye kumi, tisa, kumi na moja. Ligi ya NBA ina wachezaji zaidi ya 400. Kila msimu lazima wapatikane kadhaa wenye namba za kutisha za lala salama, hata kama hakuna hata mmoja mwenye kipaji cha pekee cha dakika hizo.

Kumbukumbu zetu nazo zinatuponza. Nikiwa mezani na karatasi rasmi ya FIBA (shirikisho la kikapu la dunia), kikapu kikiingia nachora mstari wa mshazari juu ya alama, mtupo huru (ule wa adhabu ya faulo) nakoleza doa, na wa pointi tatu nazungushia pia duara namba ya mchezaji. Mtupo uliokosa hauna mahali pake kwenye orodha ya alama. Mechi ikiisha, karatasi inasema fulani alifunga katika dakika ya mwisho, haisemi kwamba kabla ya hapo alikosa mara tatu. Ndiyo maana nina daftari langu la pembeni, naandika kila kilichokosa: sekunde zilizobaki, timu zimepishana ngapi, umbali, na kama mlinzi alikuwa amemkaba.

Mkumbukeni mtupo wa mwisho wa Kawhi Leonard wa Toronto mwaka 2019, dhidi ya Philadelphia, mechi ya saba ya mtoano. Sisi wa huku tuliokesha tuliona mpira ukigonga ringi mara nne ndipo ukazama, 92 kwa 90. Mpira ulishamtoka mkononi muda mrefu. Ungegeukia nje, roho yake ingepungua ngumu?

Kuna na hili la ugumu wa mitupo yenyewe. Mwishoni mwa mechi kila mtu anajua mpira unaenda kwa nani. Anakabwa na wawili, amechoka, saa inakimbia, anaruka akiwa ameegemea upande. Asilimia za karibu kila mtu zinashuka hapo, kwa hiyo kulinganisha asilimia zake za dakika hizo na zake za robo ya pili ni kumwonea. NBA tangu msimu wa 2013–14 wana kamera kwenye viwanja vyote zinazopima mpaka umbali wa mlinzi, na hilo linasaidia sana. Lakini ukishachambua mitupo kwa umbali na ukabaji, ile mia yako inagawanyika vifungu vya kumikumi, na unarudi palepale kwenye uchache.

Ndiyo maana mimi naamini mtupo huru kuliko kitu kingine. Mstari ni uleule, hakuna anayekukaba. Mwaka 2011 watafiti Cao, Price na Stone walichapisha uchambuzi wa mitupo huru ya NBA kuanzia msimu wa 2002–03 hadi 2009–10. Walikuta kwamba katika sekunde za mwisho za mechi zilizobana sana, wachezaji wanashuka kwa pointi 5 hadi 10 za asilimia chini ya kawaida yao. Wanaoelekea kushuka zaidi ni wale ambao hata siku zote si wapigaji wazuri, na hasa kwenye mtupo wa pili baada ya kukosa wa kwanza. Mechi ikiwa sare hawakuona kushuka.

Kwa hiyo presha ipo na inapimika, mkichanganya mamia ya wachezaji na misimu minane. Kwa mtu mmoja, hapana. Hata Nick Anderson wa Orlando, aliyekosa mitupo huru minne mfululizo mwishoni mwa mechi ya kwanza ya fainali za 1995: msimu ule alikuwa anaingiza asilimia 70 hivi, na mpigaji wa aina hiyo hukosa minne mfululizo kama mara moja katika 120. Ni nadra, lakini hutokea bila woga wowote. Kilichonihuzunisha ni baadaye, msimu wa 1996–97 alipodondoka hadi karibu asilimia 40. Hapo sidhani ni bahati tena. Nadhani yale maneno ya watu kuhusu mitupo ile minne yalimwingia.

Na hili ndilo linaloniuma huku kwetu. Kuna kijana wa hapa mjini, timu yake siitaji. Mechi ya Julai, baridi na manyunyu, mpira unateleza, wako nyuma kwa pointi moja. Nyuma ya ringi watu wanagonga mabati. Akafuta viganja kwenye bukta, akapiga wa kwanza ukagonga mbele ya ringi; wa pili hata ringi haukugusa. Kuanzia siku ile akaitwa muoga, na kocha wake akawa anamtoa kila mechi ikibana. Daftari langu linaonyesha hakuna mwenzake kwenye timu anayemfikia kwa mitupo huru ya msimu mzima. Nilimpelekea kocha ile kurasa, akasema yeye aliona kwa macho. Mitupo miwili, bwana!

Mkiniuliza nimpe nani mpira wa mwisho, nampa anayeingiza zaidi msimu mzima, kwenye nafasi anayoipenda, na mazoezini ningempigisha mitupo huru akiwa hoi, mmoja mmoja, siyo kumi mfululizo akiwa amepoa.

Tuzo ya NBA ya mchezaji bora wa dakika hizo, aliyoanza nayo De'Aaron Fox mwaka 2023, akafuata Stephen Curry na Jalen Brunson, mimi sina ugomvi nayo. Inazawadia kilichotokea, na vikapu vile vilishinda mechi kweli. Msiisome tu kama utabiri wa mwakani.

Kama kuna mwenzangu Moshi au mkoa mwingine anayeandika mitupo iliyokosa, anitafute PM. Daftari moja halitoshi, tukiunganisha kadhaa tunaweza kuanza kuona kitu kuhusu ligi zetu wenyewe.