Aliyekwisha kuswali witri akaamka tena usiku wa manane

Swali: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye nyumba za kupanga hapa Nairobi. Huswali witri, ile swala ya rakaa zisizogawanyika kwa mbili ya kufungia usiku, baada ya isha kabla ya kuingia zamu, nikichelea kukosa nafasi. Lakini ifikapo saa tisa, magari yakishatulia, huswali tahajudi, yaani sunna ya usiku wa manane, juu ya kadibodi kando ya kibanda, nikielekea kaskazini, lango likiwa mgongoni. Ndugu mmoja ameniambia swala hiyo haifai mpaka niivunje witri kwa rakaa moja, kisha niiswali upya mwishoni. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Witri yako ni sahihi, na tahajudi yako pia. Swali rakaa mbili mbili kadiri utakavyojaaliwa, wala usiirudie witri.

Ningeishia hapo lau si hilo neno "kuvunja", yaani kuswali rakaa moja ili iungane na witri ya awali na kuifanya igawanyike kwa mbili, ambalo kila Ramadhani huwasumbua walioswali witri na imamu baada ya tarawehe. Wenye kauli hiyo hushika hadithi ya sahaba Ibn Umar, iliyo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba witri iwe swala ya mwisho ya usiku. Na ni kweli kwamba Ibn Umar mwenyewe amepokewa akiivunja. Lakini amri hiyo ni ya kupendekeza, kwani Muslim amepokea kutoka kwa Bi Aisha, mkewe Mtume, kwamba Mtume (s.a.w.) aliswali rakaa mbili baada ya witri hali ameketi. Tena, rakaa ya saa tisa itaunganaje na ya saa mbili, ilhali kati yake umetoa salamu, umezungumza na wapangaji, na pengine udhu umetenguka? Huyo hakuvunja kitu; ameswali witri tatu, naye Mtume amesema: "Hakuna witri mbili katika usiku mmoja." Tirmidhi, aliyeipokea hadithi hii, ameitaja hitilafu hiyo na kuona kuwa kutoivunja ndiko sahihi zaidi, nayo ndiyo kauli ya maimamu wa madhehebu Malik, Shafi na Ahmad. Ajabu ni mtu kuiacha kauli hii, kisha akamtisha mwenzake kwa ile nyingine.

Nawe usijione mnyonge kwa kuitanguliza witri, kwani sahaba Abu Huraira aliusiwa na Mtume aswali witri kabla ya kulala. Hata hivyo, ukiona saa tisa hukupatia utulivu karibu kila usiku, icheleweshe witri hadi hapo, maana ni ndani ya thuluthi ya mwisho, na ndiyo bora kwa anayetumai kuipata.

Lililonishughulisha zaidi ni lile lango. Umelipwa ulilinde, na hiyo ni amana, kwa hiyo fupisha kisomo, na honi ikilia katikati ya swala, ikate ukafungue. Katika madhehebu yetu ya Shafi, swala ya sunna si lazima kuikamilisha ukishaianza. Na usiku ambao kazi imekushinda kabisa, swali mchana, kwani Bi Aisha amesimulia kwamba Mtume alipoikosa swala ya usiku kwa usingizi au maradhi, aliswali rakaa 12 mchana wake.