Jasho la ngozi mtaani: tenga joto na mshtuko

Mkuu, umeuliza kwa nini upitishaji umeme wa ngozi (kipimo cha jasho kinachotumika kukisia msongo) unapanda mfululizo washiriki wa utafiti wako wakitembea Kariakoo, hata penye utulivu. Mara nyingi hilo ni joto na mwendo, si msongo. Usisome mstari mzima wa grafu. Tafuta vilele vifupi vya angalau maikrosimensi 0.05 (kizio cha upitishaji umeme), vinavyotokea sekunde 1 hadi 4 baada ya tukio, mfano honi ya bodaboda. Saa ya kifaa cha kupima ngozi na ya GPS inayoonyesha mshiriki alipo zilingane: zikipishana dakika 1 tu, honi utaibandika takriban mita 70 kutoka ilipolia. Elektrodi, yaani vihisi vya kifaa, zivaliwe vidoleni, mkono usioandikia, dakika 10 kabla ya kuanza. Na tafadhali sana, nusu ya washiriki waanzie mwisho wa pili wa njia, maana wote wakimalizia sokoni, uchovu utaonekana kama athari ya soko.