Jibu: Kidonge cha presha na sumu ya nyoka

Ndugu wa Mafinga, umeuliza kama kweli kaptoprili, kidonge cha presha anachomeza baba yako, kimetokana na nyoka, na kama sumu ya kifutu wa shambani nayo ingefaa kutibu presha.

La kwanza ni kweli. Sumu ya nyoka jararaka wa Brazili hushusha presha ya windo ghafla. Watafiti wakaiga kazi ya chembe zake maabara, dawa ikaruhusiwa Marekani mwaka 1981. Ndani ya kidonge hamna tone la sumu.

La pili, hapana jamani! Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Aking'ata, usichanje, usikaze kamba, achana na jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu. Vua pete na viatu, mguu utulie, kimbilia hospitali. Piga simu kwanza: si kila zahanati ina dawa ya kuzuia sumu.