Nimetwaa Ng'ombe wa Nani?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza utamjuaje mtumishi wa kweli, maana huyo nabii unakosali siku hizi hapo Dar akisema jambo linatokea, na sasa anataka kila mmoja apande mbegu ya laki tano, asiye nayo akakope.

Kutabiri kukatokea hakunitoshi. Soma Kumbukumbu la Torati 13: mtu anaweza kutoa ishara na ikatokea kweli, lakini akiwavuta watu kwa miungu mingine hafuatwi. Mimi namtazama mtu anapoulizwa swali.

Unamkumbuka mwinjilisti wetu, yule wa baiskeli? Mwaka mmoja kwenye mnada baada ya ibada alishindania mkungu wa ndizi wa bibi yako, akaupata kwa elfu nane. Wiki mbili baadaye mzee mmoja akasimama kwenye kikao akasema hela ya ndizi haionekani kwenye daftari. Mhazini nilikuwa mimi, na nilijua, ila nilimwonea haya. Mwinjilisti akalivuta daftari, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akasema, "Kweli, sijalipa." Akatoka, akarudi na elfu nane ya mkewe ya kuuzia maziwa, sarafu tupu, tukazihesabu pale mezani. Mjukuu wa yule mzee alipougua, ni baiskeli hiyohiyo iliyompeleka zahanati.

Hakuwa malaika, umeona. Alichelewa kulipa. Ila aliulizika.

Samweli, na uzee wake wote, alisimama mbele ya Israeli akauliza mwenyewe: "Nimetwaa ng'ombe wa nani?" Paulo alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakutaka kuzibeba fedha peke yake, ziliandamana na watu waliochaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa. Na wale wa Beroya walikuwa wakiyachunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ndivyo yalivyo. Maandiko yanawaita waungwana. Kuna pia kitabu cha zamani sana, Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, nacho hakina maneno mengi: mtume msafiri akikaa siku tatu kwenu ni nabii wa uongo, akiomba fedha ni nabii wa uongo. Hata nabii akiagiza chakula "katika Roho" kisha akakila mwenyewe, ni wa uongo. Hapo huwa nacheka.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia ukiwa shule. Mwaka ule baba yako anaumwa, alikuja mhubiri na hema. Niliuza mtamba wetu, nikampa fedha yote. Baba yako alipozidiwa nilikwenda kumuuliza yule mhubiri, kwa upole tu, ile sadaka imefanya kazi gani. Akanijibu nina roho ya uasi, nisimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Nilirudi nyumbani nikijilaumu mimi, siyo yeye. Ilinichukua miaka kufungua 1 Samweli 24 na kuona kwamba Daudi alikataa kumuua Sauli, mpakwa mafuta, lakini alimpazia sauti mbele ya askari wake, akamwambia makosa yake waziwazi. Kumgusa ni upanga, mwanangu. Kuuliza siyo kumgusa.

Mahali pasipoulizika panaweza kufika mbali. Shakahola, kule Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na wengi walikuwa wamekufa kwa njaa. Walifundishwa kufunga hadi wakutane na Yesu.

Usidhani nakuvuta urudi Ulutheri. Wezi wa sadaka wamo hata ndani ya kanzu, na wapo wachungaji wa makanisa ya mabati ambao ningewakabidhi funguo za nyumba yangu. Lakini sisi matangazo yakisomwa tunasikia sadaka ya Jumapili iliyopita ilikuwa shilingi ngapi. Hapo kwenu inasomwa? Anahesabu nani, na wako wangapi wanapohesabu?

Jumapili hii muulize huyo nabii wenu, kwa adabu, baada ya ibada. Tazama kama atakujibu wewe au ataihubiri roho yako. Kisha mwangalie Jumapili inayofuata, anakusalimiaje.

Na huo mkopo usiusaini kabla hujanipigia.

Mama yako