Kanisa limegeuka ukumbi wa muziki, tukiimba humo tunakosea?

SWALI: Shikamoo anko. Mi niko London nasoma, nyumbani Dodoma nilikua naimba alto kwaya ya usharika. Juzi mwenzangu wa chuo kanipeleka konseti pale Smith Square karibu na bunge, nafika nakuta ni kanisa kabisa, nguzo kubwa kubwa, madirisha marefu, ogani ipo, afu watu wamekaa wanasikiliza violini na mapumziko wanashuka chini kunywa mvinyo! Nikakosa amani. Hivi waliwafukuza waumini au? Na sisi Waswahili wa huku tuna kakwaya ketu, wenzangu wanataka tukodi pale siku moja tufanye tamasha, kinanda, drums na kila kitu. Unatushaurije? Afu kingine, nilipiga makofi katikati peke yangu watu wakanigeukia, kosa langu nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna mtu aliyefukuzwa. Hilo kanisa lilikua linaitwa St John's, ramani yake aliichora Thomas Archer likakamilika 1728, na lilitokana na sheria ya 1711, bunge liliamua London ijengewe makanisa mapya 50 kwa hela ya ushuru wa makaa ya mawe, mwishowe yakasimama kama kumi na kitu tu (Archer naye hakubana matumizi, hili ni mojawapo ya yaliyokula hela nyingi). Ile minara minne ya kwenye kona wenyeji wana stori yake, eti Archer alimuuliza Malkia Anne anataka kanisa la namna gani, bibi akapiga teke kistuli chake cha kuwekea miguu kikapinduka miguu minne juu, akasema kama hivyo! Stori tamu ila usiiamini. Maelezo ya kawaida ni kwamba ardhi ya pale ilikua ya majimaji, jengo likawa linazama, minara ikawekwa kusawazisha uzito.

Sasa kilichotokea ni hivi. Liliungua 1742, radi ikalipiga 1773, bado likawa linasalisha watu. Ila tarehe 10 Mei 1941 ndege za Ujerumani zilishambulia London usiku kucha, bomu la moto likaliangukia, paa likaenda na vyote vya ndani vikaenda, zikabaki kuta. Na zikakaa hivyohivyo mvua inanyeshea ndani zaidi ya miaka 20! Vita imeisha, mji mzima unajengwa upya, kanisa kubwa la Westminster Abbey lenyewe liko dakika chache kwa mguu, we niambie nani angechangia hela yote ile kwa ajili ya ibada ya mtaa mmoja. Ndo wakajitokeza watu wakaunda kikundi cha marafiki wa jengo wakachangisha, mchora ramani Marshall Sisson akalirudisha kwa kufuata mtindo wa Archer, na mwaka 1969 likafunguliwa kama ukumbi wa konseti, mwimbaji wa kwanza akiwa Joan Sutherland, yule soprano wa Australia. Kwahiyo muziki ulikuta gofu, haukumnyang'anya mtu kiti cha kusalia. Hata hiyo ogani uliyoiona, kabati lake la mbao ni la 1734, lilitoka kanisa lingine, ila mabomba na mitambo ni kazi ya mafundi wa ogani Klais wa Ujerumani, 1993. Na mvinyo wa kule chini kwenye matao ya matofali mi haunisumbui, jengo la ukubwa ule haliwezi kuishi kwa tiketi peke yake.

Makofi: hukukosea sana bana. Kazi nyingi za klasiki zinakua na vipande vitatu au vinne, kimya cha katikati ni pumzi tu, we subiri kondakta ashushe mikono ageuke, au wacha wengine waanze.

Tamasha lenu fanyeni, ila hapo kwenye drums tuongee. Kuta ngumu na dari la juu vile vinarudisha sauti, inazunguka kabla haijafa, ndo maana violini nne tu zinajaza ukumbi bila maiki hata moja. Hiyo hiyo inawaonea wenye spika kubwa, kila pigo la drum linalikuta la mwanzo bado linaelea, bezi gitaa nayo inageuka mvumo, na maneno yenu hakuna atakayeyasikia. Imbeni nyimbo za sauti nne bila vyombo kwa sehemu kubwa, punguzeni spidi kidogo, na mkifika mwisho wa mstari malizeni herufi zote pamoja mkimwangalia kiongozi, maana mmoja akichelewa na "s" yake ukumbi wote unamsikia. Mkifanya mazoezi kukiwa kutupu mtaona mwangwi ni mwingi mpaka mtakata tamaa, msibadilishe chochote kwa sababu hiyo, watu wakijaa na makoti yao ya baridi utapungua. Mkishindwa kabisa kuishi bila ngoma chukueni moja ya mkono, mpigaji asimame nyuma ya waimbaji wa bezi, na kinanda kiwe kwa ajili ya kutoa noti ya kuanzia tu.