Winterlude ya Ottawa: maswali yenu kuhusu baridi, barafu na viatu vya kutelezea

Januari ikikaribia kwisha, maswali kuhusu Winterlude, tamasha la majira ya baridi la Ottawa, mji mkuu wa Kanada, huanza kumiminika. Mengi yanatoka kwa waliohamia Ottawa na mji jirani wa Gatineau miezi michache tu iliyopita, mengine kwa ndugu walioko nyumbani ambao wameona picha. Tamasha hili lilianza mwaka 1979, huchukua wikiendi tatu hadi kufikia katikati ya Februari, na mambo yake mengi ni ya bure.

Dada, niko Gatineau na wanangu wawili tangu Septemba. Kila mtu anatuhimiza twende tamashani, lakini mimi nikifungua mlango tu baridi inanikata pumzi. Kuna ulazima gani?

Pole, mama. Ulazima haupo, lakini nakusihi mtoke. Baridi ya hapa ni ndefu mno kuipitisha yote ndani ya nyumba huku mapazia yamefungwa. Nimeona wenzetu wengi wakianza kunyong'onyea kufikia Februari, na si kwa baridi, ni kwa upweke. Watoto ndio hawatakusamehe: Jumatatu shuleni wenzao watakuwa wanasimulia juu ya mtelezo mkubwa wa theluji wa Bustani ya Jacques-Cartier, na hiyo bustani iko huko huko Gatineau kwenu.

Shida kubwa kwa wageni huwa ni mavazi. Koti moja zito juu ya fulana ya pamba halitoshi, kwa sababu pamba hunyonya jasho, na jasho likipoa mwili wote hupoa. Vaa nguo tatu kwa mpangilio: ya ndani nyepesi isiyo ya pamba, sweta la sufu katikati, kisha koti lisilopitisha upepo. Miguuni vaa soksi jozi moja tu za sufu. Ukirundika jozi mbili kiatu kinabana, damu haipiti vizuri na vidole vinaganda upesi. Wanunulie watoto glavu zile zinazoweka vidole vinne pamoja, maana zina joto kuliko zenye vidole mbalimbali.

Kabla ya kutoka angalia utabiri unaojumlisha upepo. Ukisoma nyuzi -28 au chini ya hapo, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Wakague watoto mashavu, pua na masikio kila mara. Ukiona pamepauka na mtoto anasema hahisi kitu, ingieni ndani papo hapo. Usipasugue, na usimpake theluji hata akikushauri nani.

Binti yangu, mimi niko Morogoro. Mjukuu wangu amenitumia picha yuko katikati ya mto na umati wa watu. Hawaogopi kutumbukia?

Shikamoo mzee. Pale ni kwenye Mfereji wa Rideau, uliochimbwa kati ya 1826 na 1832 chini ya mhandisi wa jeshi la Uingereza, John By. Wote una kilomita 202, kutoka Ottawa hadi Kingston, mji mwingine wa Kanada, na lengo lilikuwa kuwapatia Waingereza njia ya maji iliyo mbali na mpaka wa Marekani. Tangu mwaka 2007 umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Maji yakiganda, watu huteleza juu ya barafu yake kwa viatu vyenye makali ya chuma; sehemu ya kutelezea ni kilomita 7.8 zinazopita katikati ya jiji, na desturi hiyo ilianza majira ya baridi ya 1970–71, wakati wafanyakazi walipoingia na mifagio na makoleo kufagia kipande kidogo.

Hakuna mashine inayogandisha maji yale, ni baridi yenyewe. Vuli ikifika maji ya mfereji hupunguzwa. Yakishaganda, wafanyakazi hutoboa barafu na kupima unene sehemu baada ya sehemu, huondoa theluji kwa sababu huzuia baridi isifike chini, kisha huvuta maji na kuyamwaga juu ili tabaka jipya ligande. Kwa kawaida husubiri barafu ifike sentimita 30 hivi, kwani hubeba maelfu ya watu pamoja na mashine za kusafishia. Bendera ya kijani maana yake pamefunguliwa, nyekundu pamefungwa.

Mwambie mjukuu jambo moja, mzee, kwa ukali wa babu: asikanyage barafu ya mto au bwawa lingine lolote kwa kuwa tu amezoea mfereji. Mahali penye mkondo, barafu inaweza kuonekana nene kumbe chini imelika.

Ni kweli kuna mwaka hawakuteleza kabisa?

Kweli. Majira ya baridi ya 2022–23 mfereji haukufunguliwa hata siku moja, kwa mara ya kwanza tangu uanze kutumika hivyo. Baridi ilichelewa, mvua ikanyesha wakati wa theluji, barafu haikukomaa. Tamasha liliendelea bila mfereji, na mwaka uliofuata watu waliteleza siku chache tu. Inauma. Wapo wakazi wa hapa waliokuwa wakienda kazini kwa viatu vya kutelezea, na watoto wao sasa hawana uhakika wa msimu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, kilicho kando ya mfereji, wanashirikiana na wasimamizi wake kutafuta mbinu za kuanza barafu mapema. Basi ukisikia bendera ya kijani imepandishwa, usiseme utaenda wiki ijayo.

Zile sanamu za barafu za tamashani, mbona barafu yake inaonekana kama kioo? Ya kwenye friji yangu ni nyeupe katikati.

Kwenye friji maji huganda kutoka pande zote, hewa ikakwama katikati, ndiyo weupe unaouona. Barafu ya wachongaji hugandishwa kutoka chini kwenda juu, huku pampu ikiyachezesha maji ya juu ili hewa na uchafu visinaswe. Kipande kimoja huchukua siku kadhaa na kina uzito wa zaidi ya kilo 100.

Nenda ukawatazame wakiwa kazini. Kwanza msumeno wa mnyororo hukata umbo la jumla, na vumbi la barafu linaruka hadi kwenye viatu vyako. Kisha zinaingia patasi na vifaa vya umeme vya kusagia, kuchonga mambo madogo kama manyoya ya ndege au mikunjo ya nguo. Wakitaka kuunga vipande viwili, husawazisha nyuso zake kwa bamba la chuma lenye joto, huvigandamanisha na kutia maji, na baridi inafanya kazi ya gundi. Adui yao ni jua kuliko kitu kingine.

Viatu vya kutelezea ni bei gani?

Usinunue vipya mwaka wa kwanza. Kodi kwenye vibanda vya mferejini, au tafuta mtumba. Watoto wa hapa hukua na kuviacha vikiwa vizima. Funga kamba kwa nguvu kwenye kifundo cha mguu, kunja magoti, na ukihisi unaanguka angukia ubavu. Mtoto avae helmeti. Na usiende mbali kwa kuwa upepo unakusukuma, maana utarudi ukiukabili.

Mama yangu ametoka Bukavu, ana miaka 68. Nimpeleke au nimwache nyumbani?

Mpeleke, kaka. Si lazima ateleze: watu hutembea kwenye mfereji kwa buti, na sanamu katika miaka ya karibuni zimekuwa Mtaa wa Sparks, ambao hauna magari. Mnunulie vyuma vyenye meno ya kung'ata barafu, vya kufunga chini ya buti, mshike mkono, mwende kati ya saa sita na saa tisa mchana kukiwa na jua. Shukeni treni kituo cha uOttawa, mfereji uko pale pale. Akichoka mtafutie BeaverTail, chapati ndefu ya ngano iliyokaangwa na kunyunyiziwa sukari na mdalasini, ikiwa bado ya moto.