Fundi Ngozi Anajibu: Mfuko wa 1917 na Vita vya 1914

Tangu niliposema hapa kwamba nakusanya mifuko ya zamani ya bastola, maswali hayajakatika. Niweke jambo moja wazi kwanza: bastola sina, sijawahi kuwa nayo, wala siitamani. Mimi ni mtu wa msharasi na uzi wa kitani. Ninachokipenda ni ngozi, mshono na mihuri. Wengine huita ala, vijana wanasema holsta. Mimi nasema mfuko, na tutaelewana.

Shikamoo fundi. Babu alituachia mfuko wa ngozi wenye kifuniko kikubwa. Ndani umepigwa mhuri wa Berlin na mwaka 1917. Nyumbani tunaambiwa alimnyang'anya ofisa wa Kijerumani kwenye vita vya Tanga. Je, ni wa kweli? (Msomaji, Moshi)

Marahaba. Picha zako ni nzuri, na mfuko ni wa kweli kabisa. Ni wa bastola ya Luger, ile jeshi la Ujerumani liliyoipokea mwaka 1908. Angalia ukingo wa mbele: pale pana kijifuko chembamba kilichosimama wima, ndimo mlimokaa magazini (kikasha cha risasi) ya akiba. Inua kifuniko. Kwa ndani utaona kijifuko kingine kidogo sana, cha kifaa cha kufungulia bastola. Halafu tia vidole ndani uguse ule mkanda mwembamba uliolala kwenye ukuta wa ngozi. Ukiuvuta, bastola inapanda juu yenyewe. Anayetengeneza feki huwa mvivu hapo. Mkanda anauweka lakini hauvuti kitu. Wako unavuta.

Kisa cha babu ndicho kinachonitatiza. Vita vya Tanga vilipiganwa mwanzoni mwa Novemba 1914. Mfuko ulishonwa Berlin miaka mitatu baadaye. Utasema labda ulikuja kwa meli vita vikiendelea. Meli mbili tu za Wajerumani ndizo zilizopenya zuio la Waingereza zikaleta shehena: ya kwanza Aprili 1915, ghuba ya Manza karibu na Tanga, na ya pili Machi 1916, Sudi, kule kusini. Baada ya hapo mlango ulifungwa. Novemba 1917 walijaribu hata kwa anga, chombo kikubwa cha angani kinachoelea kwa gesi, L59, kikaruka kutoka Bulgaria na shehena ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, kikafika juu ya Sudan na kugeuza. Kwa hiyo mfuko wa 1917 haukuwa kiunoni mwa ofisa yeyote pale Tanga.

Usikate tamaa, kwani mlango mwingine upo, tena uko kwenu Moshi. Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na wengi walikuja kulima kahawa na mkonge upande wa Kilimanjaro, Arusha na Oldeani. Baadhi yao walikuwa wamepigana Ulaya. Mwaka 1939 vita vilipozuka tena wakakamatwa na kuwekwa kizuizini, vitu vyao vikabaki nyuma. Waulize wazee: babu hakuwahi kufanya kazi kwenye shamba la Mjerumani? Mpishi, nyapara, dereva? Mimi ningeanzia hapo. Kisa kiandikeni kama mlivyokisikia, mkiweke pembeni, lakini msimuuzie mtu mfuko huu kwa bei ya vita vya Tanga. Mnunuzi anayejua kusoma mwaka atawaumbua mbele za watu.

Mfuko wangu una uchafu wa kijani kuzunguka ribiti, na juu ya ngozi pana unga mweupe. Jirani amenishauri mafuta ya nazi. (Msomaji, Arusha)

Mshukuru jirani, kisha funga chupa.

Ule ukijani unatokana na shaba ya ribiti kukutana na asidi za mafuta yaliyomo kwenye ngozi. Ukiongeza mafuta, umeulisha. Chukua kijiti cha meno, kisiwe cha chuma, ukune polepole kuanzia kwenye ribiti kwenda nje, huku ukifuta kwa kitambaa kikavu. Utajirudia baada ya miezi au miaka, utaukuna tena. Ndivyo ulivyo.

Unga mweupe una sura mbili. Ukiwa umekaa kama manyoya na unanuka chumba kilichofungwa, ni ukungu. Ukiwa laini kama nta iliyoganda, ni mafuta ya ngozi yenyewe yaliyopanda juu. Jaribu kupuliza hewa ya moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali. Mafuta yatayeyuka na kupotea machoni, ukungu utabaki unakutazama. Ukungu upige brashi nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni mwako, usiuvute puani.

Lipo na tatizo la tatu ambalo hukuuliza ila nimeliona kwenye kona ya picha: vumbi jekundu linalobaki vidoleni. Hiyo ni ngozi iliyooza. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama haya ya miwati tunayoyajua huku kwetu, ikikaa miaka mingi kwenye hewa chafu ya moshi wa makaa hugeuka unga taratibu. Hairudi. Usiipanguse kwa maji, itageuka nyeusi papo hapo na kukakamaa. Wahifadhi wa makumbusho hutumia dawa inayoyeyushwa kwenye spiriti ili kuushika ule unga usiendelee kudondoka. Ukiikosa, usiushikeshike mfuko, uweke mahali pakavu, yatosha.

Nasema haya nikiwa na jeraha langu. Mfuko wangu wa kwanza wa Kimarekani niliuogesha kwa mafuta ya kwato, nikaufurahia ulivyong'aa jioni ile. Baada ya wiki mbili ulikuwa umelegea kama sikio la mbuzi, mweusi, na mhuri wa kiwanda haukusomeka tena. Bado ninao. Nauonyesha wanafunzi.

Niko Minneapolis, nataka kuanza bila kufilisika. Ninunue nini? (Msomaji)

Uko nchi yenye mali, dada. Anza na mfuko wa jeshi la Marekani uitwao M1916, wa ile bastola ya risasi za kipimo cha .45. Ulitengenezwa kwa miongo mingi na viwanda vingi, ndiyo maana bei yake haiui. Kifuniko kina herufi US ndani ya duara la yai. Geuza nyuma utafute jina la mtengenezaji: Rock Island Arsenal, Boyt, Sears, Enger-Kress. Mwenye pesa ndogo anaweza kukusanya majina hayo tu, moja moja, na akafurahi miaka kumi.

Kuwa macho na rangi. Mifuko ya zamani ilikuwa ya kahawia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi likahamia ngozi nyeusi, na mifuko mingi ya kahawia ikapakwa rangi ghalani. Chungulia ndani ya mdomo wa mfuko na kwenye tundu za mshono: kahawia itakuwa inachungulia. Hiyo si feki, ni historia yake, na mimi nanunua. Ninachokataa ni mtu aliyeikwangua nyeusi ili kuirudisha kahawia.

Ukitaka nafuu zaidi, tafuta mifuko ya bastola ya Makarov kutoka nchi za Ulaya Mashariki. Haina mvuto mkubwa, lakini utajifunza mshono wa mkono na wa mashine bila kulia ukikosea.

Nimeokota mkanda mpana wa ngozi Kongowea kwenye mitumba, una mkanda mwembamba wa kupita begani na mfuko mfupi wenye tumbo. Bizimu ni ya shaba. Ni nini? (Msomaji, Mombasa)

Bahati yako! Huo unaitwa Sam Browne, jina la ofisa wa Waingereza aliyepoteza mkono wa kushoto vitani India mwaka 1858. Mkono mmoja haukutosha kushika ala ya upanga na kuchomoa upanga wenyewe, basi akaweka mkanda wa begani ubebe uzito. Maofisa wa jeshi na polisi wa nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza wameuvaa kwenye gwaride hadi leo.

Lile tumbo la mfuko ndilo linalokuambia kilichokaa ndani. Bastola bapa huacha mfuko bapa. Rivolva ina silinda katikati, na silinda huifinyanga ngozi kama mimba. Ukitia mkono, ndani utagusa duara. Usijaze magazeti ya zamani humo kuutunisha, wino na asidi vitaingia kwenye ngozi. Tumia karatasi nyeupe isiyo na asidi au pamba safi iliyofunikwa kitambaa.

Assalaam alaykum. Marehemu baba alikuwa na kibweta cha mbao chenye umbo la mguu wa kondoo, kina kifuniko cha bawaba na chuma mwishoni. Tulidhani ni cha miswaki. (Msomaji, Muscat)

Wa alaykum salaam. Nimecheka, uniwie radhi. Hicho ni mfuko wa bastola ya Mauser C96, iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1896. Bastola inalala ndani ya mbao. Ikitolewa, chuma kile cha mwishoni kinaingia kwenye mfereji ulio nyuma ya mpini, na kibweta kinageuka kitako cha kuegemeza begani kama bunduki. Wachina waliizoea sana hata wakaiita mzinga wa sanduku, kwa sababu ya kibweta hiki hiki. Warusi walilirudia wazo hilo kwa bastola yao ya Stechkin mwaka 1951, kwanza kwa mbao.

Tazama kwenye chuma kama pana namba. Nyingi zilipigwa namba ya bastola yake. Mbao ikiwa imepakwa vanishi nzito inayong'aa kama meza ya harusi, na chuma hakina alama yoyote ya kusuguana, shaka ni halali. Na kwa kuwa hiki ni kitako pia, si mfuko tu, waulize polisi wa huko kabla ya kukiuza au kukisafirisha.

Sheria inaniruhusu kuwa na mfuko bila bastola? (Msomaji, Nakuru)

Mfuko mtupu wa ngozi si silaha. Lakini kagua vitanzi na vijifuko vyote. Nimewahi kukuta risasi moja imejificha kwenye kitanzi tangu enzi za ukoloni. Risasi ni jambo la kibali, na kama huna, wapigie simu polisi waje waichukue. Usijitwike kuipeleka mwenyewe kwenye matatu. Vitu vya majeshi ya sasa usiviguse kabisa. Majirani zetu Tanzania waliona mwaka 2023 jeshi lao, JWTZ, likiwataka raia wasalimishe mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo. Na usiuvae mjini, hata kwa mzaha wa harusi. Askari akiona kiuno chako kwa mbali hatajua kwamba mfuko ni mtupu.

Upi ni wa ajabu kuliko yote uliyowahi kuusoma? (Msomaji, Bukoba)

Usio na mfuko! Mwaka 1882 Mmarekani Louis Flatau wa Texas alipata hataza ya kipande cha chuma kinachofungwa kwenye mkanda, chenye ulimi uliopasuliwa katikati kama uma. Kwenye rivolva unatoa skrubu ya nyundo, unaweka nyingine yenye kichwa kipana. Kichwa kile unakitelezesha katikati ya uma, na bastola inaning'inia uchi kiunoni. Inazunguka hapo hapo, na ungeweza kufyatua bila kuichomoa. Jeshi lao lilijaribu, likakataa. Mimi kama fundi ngozi ninamnunia Flatau, hakuniachia hata mshono mmoja, lakini nikipata kipande chake nitauza pikipiki.

Wa pili ni wa Kijapani, wa bastola ya Nambu aina ya 14: kifuniko kigumu kilichofinyangwa kama gamba la kasa, kinafunika kila kitu. Vita vilipokaza ngozi ikawa adimu, wakashona kwa turubai lililopakwa mpira. Wa tatu ni wa wanajeshi wa vifaru wa Uingereza, wa turubai, wenye vitanzi sita vya risasi kwa mbele. Wa mwanzo ulining'inia chini pajani, ukawa unanasa kwenye tundu la kifaru askari anapotaka kutoka, ikabidi upandishwe. Hebu fikiria kifaru kinawaka moto na wewe umeshikwa na mfuko wako.

Mke wangu anasema mikusanyo yangu inanukisha chumba cha kulala. (Msomaji, Dodoma)

Msikilize. Harufu hiyo ni ukungu, na ukungu utahamia kwenye viatu vyake. Itoe mifuko kivulini penye upepo siku mbili, si juani, jua litaipasua. Kisha iweke kwenye sanduku pamoja na kibakuli wazi cha magadi ya kuokea, wiki moja. Ikirudi kunuka, tatizo ni ukuta wenye unyevu, na hapo mifuko ihamie sebuleni, kwenye kabati la vioo. Ukisema ni pambo, huenda akakubali.